Kutoka Mtae hadi Maziwe: Tathmini ya Safari ya Milima ya Usambara Inayoishia Pwani ya Pangani

Anayetaka kupanda mlima na kuogelea baharini katika likizo moja hapa Tanzania huelekezwa, karibu kila mara, kwenye Mlima Kilimanjaro na Zanzibar. Hupanda hadi kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, hushuka akiwa hoi, hupanda ndege, na baada ya muda mfupi amejinyoosha kwenye mchanga wa Nungwi. Sina ugomvi na mpango huo kwa mwenye uwezo nao. Hata hivyo, mkoa wa Tanga una safari nyingine ya aina hiyo hiyo, inayofanyika kwa miguu, kwa gari na kwa chombo cha baharini bila ndege yoyote, ikianzia kwenye vilele vya Usambara Magharibi vinavyozidi mita 2,200 na kuishia ufukweni Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani, kwa gharama ambayo mfanyakazi wa kawaida anayejiwekea akiba anaweza kuimudu. Tumeifanya, mimi na wafanyakazi wenzangu, kupitia wakala mmoja wa utalii, na ninaitathmini hapa kwa kirefu kwa sababu sehemu yake ya kwanza ilikuwa bora kuliko nilivyotarajia, ilhali sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo iliyotuvutia tulipe, iliandaliwa kwa uzembe usiostahili pwani nzuri kama ile.

Wakala mwenyewe simtaji jina. Programu za mawakala wengine tulizozilinganisha kabla ya kulipa zilikuwa na upungufu ule ule: siku za milimani zimeandikwa saa kwa saa, na siku za pwani zimeachiwa neno moja tu, "mapumziko". Tulilipa chini kidogo ya laki nane kwa kila mtu kwa safari ya wiki moja hivi. Humo mlikuwa na ujira wa mwongozaji wa Lushoto, malazi, milo yote, tozo za kuingia hifadhini, gari la kututoa Lushoto hadi Pangani, na boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Nauli ya kufika Lushoto na ya kurudi nyumbani ilikuwa juu yetu.

Barabara ya kupanda milimani huanzia Mombo, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Ni lami nyembamba yenye kona kali, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na kila gari linapopunguza mwendo karibu na Soni akina mama na vijana husogea na vikapu vya peasi na plamsi. Joto la Mombo huachwa nyuma kabla ya abiria kumaliza kula matunda aliyonunua. Lushoto yenyewe, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko kwenye mita 1,400 hivi, na jioni ya kwanza kila mmoja wetu alikuwa amevaa sweta. Hapo wakala alikuwa ametukatia vyumba katika nyumba ya wageni ya kawaida, safi, yenye maji ya moto na mablanketi mazito, na sina la kulalamikia.

Siku ya kuzoea hali ya hewa ilitumika kwenda Irente, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka mjini kwa hatua za polepole. Mtu husimama juu ya mwamba na chini yake, mamia ya mita, anaona Mazinde, mistari ya mashamba ya mkonge, na mbuga ya Wamaasai inayotandaa hadi macho yanapochoka. Chakula cha mchana tulikula katika shamba la Irente, ambako hutengenezwa jibini, mikate na jamu za matunda ya huko huko. Ni mlo mwepesi, na ninaushauri kwa kila anayepita, hata asiye na wakala.

Safari halisi ilianza siku iliyofuata katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Na hapa ni lazima nimzungumzie mwongozaji wetu, kwa maana thamani kubwa ya fedha tuliyolipa ilikuwa kwake. Alikuwa mtu wa makamo, Msambaa, mwenyeji wa kijiji kimoja kati ya vile tulivyovipita, na hakuwahi kumpita mzee njiani bila kusimama, kumwamkia shikamoo, kisha kuendelea naye kwa Kisambaa kuhusu mvua, kabichi na wagonjwa wa nyumbani. Wanaume wenziwe walimwita mghoshi, yaani mwanamume, na kufikia siku ya pili watoto wa vijijini walikuwa wakituita sisi pia hivyo hivyo kwa furaha. Kwa kuwa alifahamika, milango ilifunguka: tuliketi barazani kwa watu, tulionyeshwa mashamba, na hakuna aliyetutazama kama kundi la wageni waliokuja kupiga picha na kuondoka.

Msituni alitembea mbele yetu kimya, mkono mmoja ukiwa umenyooka nyuma kutuashiria tusimame. Mara moja alisimama mbele ya kijiti chembamba kilichofunikwa na kuvu, akatuambia tutazame, na hakuna aliyeona kitu. Akasogeza kidole hadi karibu kabisa na ncha ya kijiti, na ndipo jani moja lilipofungua jicho. Alikuwa kinyonga mwenye pembe mbili fupi puani, wa jamii inayopatikana katika milima hii, rangi yake ikiwa ni ile ile ya kuvu hadi kwenye madoa. Jicho moja lilimtazama mwongozaji na jingine likatugeukia sisi, na mkia aliouzungusha kwenye kijiti ulikuwa umebana kama uzi kwenye kishikizo. Mwongozaji hakumgusa. Alituambia kwamba mwongozaji yeyote anayemng'oa kinyonga kijitini ili mgeni ampige picha mkononi hafai kulipwa, na kwamba anayetaka kuwaona wengi atoke usiku na tochi, wanapolala wakiwa wamepauka. Usiku ule alitutoa na tochi, ingawa haikuwa kwenye programu, na maneno yake yalithibitika.

Mbega tuliwaona pia, juu sana kwenye matawi, manyoya meupe ya mabegani yakining'inia. Anayependa mimea atapata zaidi ya hayo, kwa sababu Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale uliotengana na misitu mingine kwa muda mrefu sana, na ndiyo sababu viumbe wengi wa hapa hawapatikani penginepo. Lile ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni milima hii. Jina lake la kisayansi lililozoeleka, Saintpaulia, limetokana na ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu kwao mwishoni mwa karne ya 19. Mwongozaji alilijua jambo hilo, na alilisema kwa fahari ya mwenye mali.

Baada ya Magamba njia hutoka msituni na kupita katikati ya mashamba na vijiji kuelekea Rangwi, Sunga na hatimaye Mtae. Mizigo mikubwa ilitangulia kwa bodaboda, nasi tukabaki na mabegi madogo ya mgongoni yenye maji, koti la mvua na vitafunwa, mpango ambao ninausifu kwa kuwa ulitupunguzia uchovu na kuwapatia vijana wa vijiji kazi. Mwendo ulikuwa wa saa tano hadi sita kwa siku. Si mzito kwa mtu mwenye afya, ila miteremko ya udongo mwekundu huteleza vibaya baada ya mvua, na kiatu chenye soli iliyolika hakifai hata kidogo. Malazi ya Rangwi yalikuwa katika nyumba ya wageni ya masista, na kati ya sehemu zote tulizolala hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote: shuka zilizopigwa pasi, bustani iliyotunzwa, na chakula cha jioni cha supu ya mboga, viazi, maharage na mboga za majani, kilicholetwa mezani kwa saa ile ile tuliyoahidiwa.

Jambo ambalo lingeweza kutupita kama tungekuwa na mwongozaji asiye mwenyeji ni historia ya yale makonde yenyewe. Kwenye miteremko inayoelekea Mlalo alitusimamisha na kutueleza habari za mwaka 1946, utawala wa Kiingereza ulipoanzisha huko mpango wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na jinsi wananchi walivyoupinga kwa miaka kadhaa kwa sababu kazi ilikuwa nzito, ardhi ilikuwa haba na hawakuwa wameulizwa. Kisha alituonyesha, mahali hapo hapo, ngazi za shamba ambazo familia yake imezichimba kwa hiari. Tulikaa pale muda mrefu, na hakutuharakisha.

Mtae umekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima ulioko mwisho wa Usambara upande wa kaskazini-magharibi, na kwa siku iliyo safi mtu anaona Milima ya Pare, mbuga ya Mkomazi, nchi ya Kenya upande wa pili, na Kilimanjaro kwa mbali. Sisi tulipata ukungu jioni na uwazi alfajiri. Ninashauri kila anayefika apange kulala pale, kwa sababu anayekuja mchana na kuondoka mchana anaweza kurudi bila kuona chochote zaidi ya wingu. Nyumba ya kulala wageni ya Mtae ilikuwa duni kuliko nyingine, maji yakija kwa ndoo na taa zikizimika, lakini mwenyeji wetu alikuwa mama mkarimu aliyetuletea chai ya tangawizi kabla hatujaomba, na hakuna aliyenung'unika.

Kwa sehemu hii yote ya milimani, basi, ninawapa wakala na mwongozaji alama za juu bila kusita. Nimeieleza kwa kina ili msomaji aelewe kwa nini sehemu ya pili ilinisikitisha.

Mwongozaji alituaga Lushoto. Mkataba wake uliishia hapo, na hakuna mwingine aliyechukua nafasi yake. Gari lililopaswa kutuchukua asubuhi lilifika karibu na adhuhuri, na dereva, kijana mpole asiye na hatia yoyote katika jambo hili, alikuwa amepewa agizo moja tu, nalo ni kutufikisha hotelini. Tukapita Mombo, Korogwe, Segera, Hale na Muheza kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa. Kumbe njia hiyo ndiyo kiungo cha safari nzima. Mito ya Mkomazi na Lwengera, inayokusanya sehemu ya maji ya milima tuliyokuwa tumeikanyaga kwa miguu, humiminika katika Mto Pangani, na mto huo ambao chanzo chake ni Kilimanjaro na Meru huingia baharini katika mji ule ule tuliokuwa tukiuendea. Mtu mmoja mwenye kuijua njia, akiketi kando ya dereva, angetosha kuufanya mchana ule kuwa siku ya safari. Badala yake ulikuwa ni mchana wa kusinzia na kufuta vumbi.

Muheza ndipo nilipoumia zaidi. Kutoka hapo barabara hupanda hadi Amani, katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na ambako tangu mwaka 1997 kuna hifadhi ya mazingira asilia yenye bustani ya mimea iliyopandwa tangu enzi hizo. Mto Zigi, unaowapatia maji wakazi wa jiji la Tanga, unatoka katika milima hiyo. Usiku mmoja Amani ungeigawa vizuri safari ndefu ya gari, na tofauti ya misitu ya Magharibi na ya Mashariki, moja ya juu na yenye baridi, nyingine ya chini, yenye joto na unyevu, ingeonekana kwa macho. Tuliishia kununua machungwa barabarani. Yalikuwa matamu, na Muheza inastahili sifa yake kwa hilo, lakini ningependa kuyala nikiwa njiani kwenda Amani.

Tulifika Pangani jua linazama. Mji huo umegawanywa na mto na upande wa pili, ng'ambo, ni Bweni. Ili kwenda Ushongo ilitubidi tuvuke kwa pantoni, na kwa kuwa tulichelewa kutoka Lushoto tulilipata kwa bahati. Dereva aliharakisha kulifikia na programu haikuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba tungeuona mji. Tulirudi wenyewe siku iliyofuata, tukavuka kwa miguu pamoja na wanafunzi, wachuuzi wa samaki na baiskeli zilizobeba madafu, tukamwomba mzee mmoja mwenyeji atutembeze kwa malipo tuliyokubaliana. Hizo zilikuwa saa tatu bora kuliko zote za pwani, na hazikutoka kwa wakala.

Mzee alitupitisha kwenye majengo ya zamani ya mawe yaliyoanza kubomoka kando ya mto, milango mingine ikiwa bado na nakshi zake. Alitusimulia habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa hapo Pangani mwezi Desemba mwaka 1889. Alituonyesha kwa mkono upande wa Kikogwe, ng'ambo ya mto, ambako mkonge ulipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1893. Daktari Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo mashamba yote yakaenea, yakiwemo yale tuliyoyatazama kutoka juu ya mwamba wa Irente. Na aliposikia tumetoka Usambara aliuliza kama tumefika Vuga, kwa kuwa zamani, alisema, mtawala wa mlimani alikuwa na neno huku pwani. Alikuwa sahihi. Katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, alitawala kutoka Vuga na mamlaka yake yalifika hadi Mrima, ukanda huu wa pwani, ambako madiwani, yaani wakuu wa miji ya pwani, walimtambua yeye pamoja na Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Krapf alipomtembelea mwaka 1848, na tena mwaka 1852, pwani na milima vilikuwa tayari vimefungamana kwa utawala na biashara. Vuga iko karibu na Soni. Tulikuwa tumepita jirani yake mara mbili kwa gari bila kuambiwa.

Ushongo ni ufukwe mrefu wa mchanga wenye minazi, kilomita kumi na kitu kusini mwa mto, na watu wake ni wachache. Vibanda vyetu vya makuti vilikuwa safi, vyandarua vikiwa vizima, na upepo wa bahari ulitosha kuchukua nafasi ya feni umeme ulipokatika. Chakula kilikuwa kizuri sana. Mpishi, dada mwenye asili ya Tanga, alitupikia samaki wa kupaka, na tulipomwomba chakula cha kienyeji hasa alituletea bada, ule ugali wa muhogo wa rangi ya kahawia, pamoja na mchuzi wa pweza. Kwa upande wa malazi na chakula, wakala alichagua vizuri.

Ila "mapumziko" yale yalikuwa matupu. Mtu aliyetembea milimani kwa siku kadhaa anahitaji kupumzika, lakini hahitaji kulipishwa siku nzima za kukaa bila kuelezwa kwamba mikoko ya mto inaweza kutembelewa kwa mtumbwi, kwamba maji yakipwa kuna mwamba wa kutembea na akina mama wanaotafuta pweza, au kwamba kasa hutaga katika eneo lile. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwemo. Tulijifunza kwa kuuliza, tena kwa bahati ya kuwapata watu waungwana.

Shughuli pekee iliyopangwa ilikuwa safari ya Maziwe, na hiyo nayo iliandikwa na mtu ambaye bila shaka hajawahi kuitazama bahari ya Pangani. Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya miamba ya matumbawe. Maji yakipwa, kisiwa huibuka cheupe kabisa. Maji ya bamvua, yaani maji makuu ya siku za mwezi mpevu au mwandamo, yakijaa, kisiwa chote humezwa. Programu ilituandikia kuondoka saa nane mchana. Nahodha, mzee aliyezaliwa ufukweni pale, alikuja jioni ya kuamkia siku hiyo kutujulisha kwamba hatakubali. "Wanangu, mwezi mpevu huu, bamvua limeingia. Mkiondoka saa nane mtakwenda kutazama maji. Tutatoka saa moja asubuhi, tutalikuta fungu linatoka lenyewe." Kwa mtu anayepanga safari yake mwenyewe, kanuni hiyo inafaa kukaririwa: mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, katika pwani hii maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi na hujaa alasiri. Siku za maji mafu, katikati ya mwandamo na mwezi mpevu, saa hizo hugeuka. Wakala anayeuza tiketi ya Maziwe bila kutazama kalenda ya mwezi anauza kisichokuwepo.

Tulitoka saa moja. Tulipokaribia, nahodha alipunguza injini na kutuelekeza mahali ambapo maji ya kijani yalikuwa yakigeuka meupe, na mbele yetu mgongo wa mchanga ukajitokeza taratibu, mwanzo upana wa mkeka, kisha wa uwanja, ndege wa baharini wakiwahi kutua kabla yetu. Tulivaa miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia tukaogelea juu ya matumbawe hadi vidole vikakunjamana. Baharia kijana alitueleza kwamba wazee wake waliijua Maziwe ikiwa na mivinje na kivuli, na kasa wakitaga chini yake. Ilitangazwa kuwa eneo tengefu la bahari mwaka 1975, lakini katika miaka iliyofuata mchanga uliliwa na mawimbi na miti yote ikatoweka. Kasa wa kijani bado wanarudi kutaga pale pale, na kwa kuwa mayai yangezama, watu wa Ushongo wenye mafunzo huyahamishia ufukweni kwao na kuyalinda kwa takriban miezi miwili hadi yaanguliwe. Jambo kubwa kama hilo linafanyika mita chache kutoka kwenye vibanda tulivyolala, na programu yetu haikulitaja. Yeyote atakayelala Ushongo aulize kama kuna kiota kilicho karibu kuanguliwa, na akiambiwa kipo, aahirishe hata usingizi.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kuachwa. Boti iliyokodiwa ililetwa na majaketi okozi pungufu, na mawili kati ya yaliyokuwepo yalikuwa na mikanda iliyokatika. Tulikataa kupanda hadi yalipoletwa mengine kutoka kwa boti ya jirani, na nahodha alituunga mkono. Kwa upande wa milimani wakala alitupatia hata sanduku la huduma ya kwanza. Baharini, ambako hatari ni kubwa zaidi, hakuna aliyekagua chochote. Msomaji asione haya kuhesabu majaketi kabla boti haijasukumwa majini, na kuyavuta mikanda kwa mkono.

Kuhusu majira, mlima na bahari havikubaliani sawasawa. Kuanzia Juni hadi Agosti njia za Usambara ni kavu lakini baridi na ukungu ni vingi, na huku chini kusi huvuma kwa nguvu hadi manahodha wengine hukataa kwenda Maziwe. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yafutwe kabisa kwa ajili ya milima. Miezi inayofaa pande zote mbili ni Januari na Februari, bahari ikiwa katika upepo wa kaskazi na njia zikiwa zimekauka, au Septemba na mwanzo wa Oktoba kabla ya vuli. Baada ya kuchagua mwezi, itazamwe kalenda ili siku za Ushongo ziangukie kwenye bamvua, kisha ndipo siku za milimani zihesabiwe kurudi nyuma. Wakala wetu alianza na siku za milimani na kuacha pwani ipokee zilizobaki.

Je, ningeinunua tena? Milima, ndiyo, kwa bei ile ile na kwa mwongozaji yule yule. Pwani nitaipanga mwenyewe, nikilala usiku mmoja Amani na usiku mmoja ndani ya mji wa Pangani kabla ya kuvuka kwenda Ushongo, na fedha ninayookoa kwa wakala nimlipe mwenyeji wa kututembeza na nahodha anayejua maji. Kwa asiyetaka usumbufu wa kupanga, amwombe wakala aandike kwenye mkataba mambo matatu kabla ya kulipa: mwongozaji wa pwani kwa jina, saa ya kuondoka kwenda Maziwe pamoja na sababu ya kuichagua, na idadi ya majaketi okozi. Mwenye kuzaliwa Pangani au Tanga huenda akaona ninayoyasema ni ya kawaida mno, lakini wageni wengi wa safari hizi, Watanzania wenzangu wa bara, huiona bahari kwa nadra, nao ndio wanaouziwa saa nane mchana.

Anayerudi Tanga mjini kutoka Ushongo awahi pantoni la alfajiri, kwa sababu mabasi ya Pangani hujaa mapema, hasa siku za Jumatatu.